Waliotumwa Guangzhou

Mashoga zangu, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu uongo wake. Bi Zena nimemwambia somo anaumwa jino ndiyo maana hasemi. Mama Chiku nimemwambia ni uchovu wa ndege. Sasa nimechoka kukumbuka nani nimemwambia lipi. Naandika mwenyewe, kwa mkono huu uliojifunza herufi darasa la ngumbaru, nimeshazaa na kulea, basi msinicheke mwandiko. Mnataka kujua nini kilitokea Uchina mpaka somo yangu, niliyekua naye tangu Pangani, haniiti tena somo. Haya. Nitaanzia mwanzo, maana nikianzia penyewe nitaona haya na penseli nitaiweka chini.

Kungoja Dubai

Tulikuwa wanawake wanne na kontena moja. Hakuna kati yetu anayeweza kujaza kontena peke yake, ndiyo maana tukaungana. Mama Rehema wa Ilala mnamjua, ana maduka mawili na sauti ya maduka matatu. Hidaya ni wa Unguja, mdogo wetu sote, mzigo wake kiduchu lakini maneno yake ndiyo yanayojaza kontena. Mimi nilikuwa na mikoba yangu ya kutafuta, na nusu ya safari yangu ilikuwa ya mwanangu Saidi, aliyeniagiza bidhaa za duka lake. Na somo. Somo hakuwa na mzigo wake hata mmoja. Alitumwa na mkwewe, mume wa bintiye, mwenye duka Kariakoo.

Jina letu moja, Mwanaidi, mimi na yeye, ndiyo maana tangu utoto tunaitana somo. Basi Dubai ndege ya kutupeleka Hong Kong ikawa haipo. Haipo asubuhi, haipo adhuhuri. Tukakaa chini kwenye zulia lao zuri kuliko kitanda changu, somo akafungua kapu: vitumbua, mayai, chupa ya chai. Kila mtu akapata, hata mzee wa Kihindi aliyekuwa anatuangalia kwa njaa. Somo ndivyo alivyo. Begi langu pia alilibeba yeye, maana magoti yangu mnayajua. Magoti yake sikumuuliza.

Mara kipaza sauti kikaita: Mwanaidi. Tukanyanyuka sote wawili. Tukafika pale mezani, yule kijana anatutazama, anatazama karatasi, anatutazama. Anasema Kiingereza, sisi tunasema "Mwanaidi" tukijipiga vifua. Ikawa mchezo. Mwanamke mmoja mrefu mwenye miwani akaja anacheka.

"Nyanya," akaniambia, "wanamtaka mwenye begi la kijani. Limesahauliwa huko chini."

"Nani nyanya?" nikamuuliza. "Mie ni nyanya ya kukaangia?"

"Si ndivyo tunavyowaita? Nyanya, shosho."

"Kwetu nyanya inakatwakatwa, mwanangu. Mie ni bibi."

Akacheka mpaka miwani ikateleza. Huyo ndiye Mwalimu Teresia wa Nairobi. Alifundisha historia sekondari miaka mingi, sasa ananunua suruali za jinzi anazipeleka Mombasa. Tukamchukua papo hapo akawa wetu. Ila tangu siku ile nikaweka moyoni kwamba Kiswahili chake ni cha kuchechemea, na mimi wa Pangani nitakuwa namsahihisha. Hilo likumbukeni. Kiburi changu chote cha safari ile kilianzia kwenye nyanya.

Treni ya kutoka Hong Kong

Treni ni safi, ina viti vya vitambaa, lakini mvua ilinyesha kama mtu kamwaga ndoo, na njiani tukasimama. Maji yamepanda, nadhani. Hakuna aliyetuambia. Nje migomba, nyumba, mabwawa ya bata. Ndani joto.

Watu wakikaa bila kazi hugombana. Mama Rehema na Hidaya wakaanza habari ya safari iliyopita. Ile ya kwanza hatukuwa na mpango, tulisema tu kila mtu afanye lake tukutane kwenye kontena. Masufuria ya Mama Rehema yakapanda juu ya mikoba ya Hidaya, mikoba ikafika Dar imekuwa chapati.

"Safari hii mwenye mzigo mkubwa ndiye aseme," Mama Rehema anasema.

"Ah, wataka utufanye sisi matandiko ya masufuria yako," Hidaya akamjibu. "Kila mtu kauli moja. Kwani wewe una vichwa vinne?"

Mwalimu Teresia akavua miwani. "Nyinyi mko kama Amerika ya kwanza."

"Amerika gani?" nikauliza. Mnanijua na hadithi. Mtu akisema "hapo kale" hata nikiwa nimebeba maji nayatua.

Akatusimulia. Huko kwao Nairobi, anasema, siku hizi kila mtu anazungumza katiba, hata kwa kinyozi, basi ameisoma ya kila nchi. Wamarekani walitoka kumfukuza mfalme wa Kiingereza. Majimbo kumi na matatu. Wakasema hatutaki tena mkubwa, wakaandikiana ahadi legelege: kila jimbo na mambo yake. Ile serikali yao ya pamoja ikawa haina meno. Ikiomba mchango, anayetaka anatoa, asiyetaka anajifanya hakusikia. Askari waliopigana hawajalipwa, wakulima wanakabwa na madeni, wengine wakashika bunduki.

"Wakaona nyumba itawaangukia," anasema Mwalimu. "Basi kila jimbo likatuma watu wakutane mji mmoja. Waliotumwa waliambiwa wairekebishe tu ile ahadi ya zamani. Lakini kajimbo kamoja kadogo kakakataa kutuma hata mtu."

"Hao Waunguja," akasema Mama Rehema.

"Hao wana akili," akasema Hidaya.

Waliotumwa wakafika. Badala ya kutia kiraka, wakashona kanzu mpya. Wakafunga mlango, wakafunga na madirisha, katikati ya kiangazi, nao wamevaa makoti ya sufu, ili neno lisitoke nje. Nikamuuliza kwa nini wajitese. Akasema, ili mtu aweze kubadilisha mawazo bila watu wa kwao kumcheka. Mashoga, hilo lilinipendeza mpaka nikapiga paja la somo.

Majimbo makubwa yakasema tuhesabiane kwa wingi. Madogo yakasema kila jimbo sawa. Nusura wavunje mkutano. Mwisho wakapata dawa: mabaraza mawili. Moja kwa wingi wa watu, la pili kila jimbo sawa kwa sawa, na jambo halipiti mpaka lipite kote kuwili.

Hapo ndipo toroli la mayai likaja. Mayai yao wanayachemsha kwenye maji meusi ya majani ya chai, na Mama Rehema akataka kujua kama ni halali, anamwonyesha muuzaji mbingu na moyo, muuzaji anadhani anaumwa. Katika makelele hayo nikasikia Mwalimu anasema, "...ikawa shida ni watumwa. Wakakubaliana kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu." Aliposema hivyo hakuwa anacheka. Nikadhani kachoshwa na toroli.

Na kichwa changu kikafanya hesabu yake. Siku nzima anasema waliotumwa, waliotumwa. Sasa kasema watumwa. Nikasema moyoni, Kiswahili cha Nairobi hicho, wanakata maneno kama nyanya. Anataka kusema waliotumwa. Kumbe waliotumwa hawakuhesabika wazima, maana mtu aliyetumwa si mwenyewe. Nikaona ni busara. Nikaibana kwapani kama mkoba mpya.

Mwalimu akaendelea. Katiba ilipotoka, watu wengi hawakuipokea mpaka walipoahidiwa mambo ambayo serikali haitayagusa: mtu asali atakavyo, aseme, wakutane, asiingiliwe nyumbani kwake hivi hivi. Na jemadari wao wakamfanya mkubwa wa kwanza, akakaa vipindi viwili akarudi shambani kwake.

"Kwa hiari yake?" Mama Rehema akauliza.

"Kwa hiari yake."

"Mkewe alimwombea dua."

Tukacheka. Somo, aliyekuwa kimya tangu mpakani, akauliza taratibu, "Na hilo shamba, Mwalimu, miaka yote hiyo lilikuwa linalimwa na nani?"

Mwalimu akamtazama. "Umeuliza, mama," akasema.

Mimi nilikuwa namenya yai.

Chumba cha juu ya vyerehani

Guangzhou tulifikia nyumba ya wageni karibu na Kangle, kule kwenye karakana za nguo, mitaa myembamba hata mwavuli unapita kwa ubavu. Chini yetu vyerehani vinalia mchana kutwa. Chumba kilikuwa na vitanda vitatu, sisi wanne. Somo akatandika godoro chini. "Mie napenda chini," akasema, na sote tukasema ndiyo, somo anapenda chini. Hata Pangani yeye ni mtu wa mkeka, mimi wa kiti. Mwalimu akapata chumba chake ng'ambo ya ukumbi.

Somo akawa anapika kwenye jiko la umeme, pembeni. Wali, mchicha wao wenye mashina manene, samaki. Tulikuwa tukila pia kwa Waislamu wenzetu wenye kofia nyeupe, wanavuta tambi kwa mikono kama mtu anaviringa uzi. Lakini jioni tulirudi kwa somo. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyeshika mwiko. Mwaniona ninavyoandika hili? Wakati ule sikuliona.

Shiling

Shiling ni mji wa mikoba. Mnakwenda kwa basi, mkishuka mnanusa ngozi na gundi. Duka la kwanza nikamwonyesha mama mwenye duka mkoba mwekundu, nataka kama huu mweusi. Akasema, "Meyu." Nikampa mkono. "Mie Mwanaidi." Asubuhi ile nzima namwita Bi Meyu. Bi Meyu, punguza. Bi Meyu, ngozi hii kweli? Yeye anacheka tu. Kuondoka, Mwalimu akaniambia: meyu maana yake hakuna. Nimemwita mwenzangu Bi Hakuna tangu saa tatu.

Nikarudi dukani kumwomba radhi, sina lugha, nikainama. Naye akainama, akanipa pochi ndogo ya bure. Nikaona aibu tamu, ile ya kuicheka njiani. Nikajiambia, neno la mtu usilolijua ni bora uulize. Nilijiambia hivyo kabisa, na jua halijazama nikafanya nililofanya.

Tulikuwa tumenunua vya kutosha, kontena linakaribia kufungwa, na ugomvi wa masufuria haujakwisha. Nikasema tukirudi tufanye kikao kama Wamarekani. Nikafunga mlango. Nikafunga madirisha. Hidaya anasema tutakufa. Nikamwambia wenzako walikuwa na makoti. Mwalimu tukamwalika awe mgeni, kwa kuwa mzigo wake hauko kwetu. Hidaya ana mwandiko wa madrasa, mzuri, akashika kalamu.

Nikasimama nikaisimulia hadithi yote upya, na mnajua mimi naweza. Jemadari nikamwigiza. Mfalme nikamwigiza. Wakalia kwa kucheka. Na katiba ikaanza kutoka vizuri, wallahi. Jambo la kontena litapita mara mbili: kwanza kwa ukubwa wa mzigo, pili kwa vichwa, kila kichwa sawa. Mama Rehema akaridhika, Hidaya akaridhika. Vyombo vizito chini, mikoba juu. Hidaya anaandika.

Kisha Hidaya akanyanyua kichwa. "Na mtu asiyekuwa na mzigo wake? Aliyetumwa? Ana kauli nzima huyo?"

Nikafurahi. Nilikuwa na jibu nimelitunza tangu kwenye treni.

"Hilo nalo Wamarekani walilimaliza," nikasema. "Watumwa hawahesabiki wazima. Watumwa watano ni sawa na watu watatu." Nikageuka nimenyoosha mkono, na meno yote nje. "Na humu ndani mtumwa nani? Ni somo yangu peke yake. Basi Hidaya, andika, somo hahesabiki mzima."

Hidaya alikuwa ameshaandika. Mkono wake ulikuwa unafuata mdomo wangu. Akasimama katikati ya mstari.

Vyerehani chini vinalia. Mama Rehema akatazama sakafu. Mwalimu akaweka mkono mdomoni. Nami bado nacheka, nangoja wacheke.

Somo alikuwa amekaa kwenye godoro lake, anachambua mchele. Akauweka ungo kando. Akajifunga kanga yake vizuri, akasimama, akanitazama kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyohama.

"Haya, bibi mkubwa," akasema. "Nimesikia."

Akatoka. Akaurudishia mlango polepole.

Yaliyokuwa ndani ya neno

Mwalimu ndiye aliyenieleza, madirisha bado yamefungwa.

"Bibi, nilisema watumwa. Watumwa kweli. Watu walionunuliwa."

Akaniambia: wale wenye mashamba ya kusini walitaka watumwa wao wahesabiwe, si ili watumwa wapate kauli, bali mabwana wapate viti vingi zaidi barazani. Wa kaskazini wakasema hamuwezi kumwita mtu mali yako asubuhi, jioni mkamwita mwananchi. Wakapatana kwa kumkata mtu: watatu kwa watano. "Na unajua waliandika vipi?" akasema. "Neno lenyewe hawakuthubutu kuliandika. Waliandika 'watu wengine'."

Mashoga zangu wa Dar, nyinyi hamjui kitu ambacho Pangani kila mtu anakijua na hakuna anayekisema. Bibi yake somo, aliyeitwa Faida, alikuwa wa nyumbani kwetu. Nasema "wa nyumbani kwetu" kama tulivyofundishwa kusema. Alinunuliwa. Na somo alipozaliwa, jina hakulitoa mama yake. Bibi yangu ndiye aliyesema mpeni hili la mjukuu wangu, Mwanaidi, na watu wakasifu moyo wake mkubwa. Sisi nasi tuna "watu wengine" wetu, na neno lao tulilolificha. Nikaenda mpaka Uchina nikalitoa mbele ya watu, nikilichezesha.

Nikafungua madirisha. Hakuna aliyesema asante.

Siku za kimya

Somo akahamia chumba cha Mwalimu. Asubuhi wakaenda wawili hao Xintang kutazama jinzi, wakarudi jioni wananong'ona. Tulipokutana ukumbini akaniamkia vizuri. Hilo ndilo lililonichoma. Angenitukana ningepumua.

Chumbani kwetu njaa. Mama Rehema kakaa na sufuria tupu mapajani. Nikasema napika mie, kuna nini. Nikaunguza wali mpaka mwenye nyumba akapanda ngazi na ndoo ya maji. Mimi, mama wa watoto sita, na wajukuu siwahesabu. Nikajiuliza miaka yote hiyo nilikuwa nakula cha nani. Siku ya uchungu wangu wa kwanza nani alipika. Msiba wa mume wangu, nani alikuwa jikoni. Jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa ng'ambo ya ukumbi.

Nikaenda sokoni peke yangu kutafuta samaki, nimpikie. Muuzaji ana beseni nyingi. Nikamwonyesha kuogelea, mikono hivi na hivi, na macho nimeyatoa. Akafurahi, akanifungia mfuko. Nimefika katikati ya mtaa mfuko ukaruka. Ukaruka tena. Vyura. Nikaurudisha nimeunyoosha mkono mbali kama nimebeba jinni, na soko zima wananicheka, nami sikujitetea. Mara hii nilijua kicheko chao kinanistahili. Nikanyoosha kidole kwenye samaki mwenyewe, bila maigizo.

Nikampika kwa tangawizi. Chumvi nikaikisia. Nikagonga mlango wa Mwalimu, na Mwalimu kwa heshima akatoka akatuacha.

Somo alikuwa kitini, karibu na dirisha. Nikaweka sahani.

"Somo, nisamehe. Sikujua. Nilidhani neno ni lile la kutuma."

"Najua hukujua neno," akasema. "Nimekuamini tangu siku ile ile."

"Sasa?"

"Sasa nikuulize. Nusu ya mzigo wako ni wa Saidi. Saidi kakutuma. Wewe hukutumwa?"

Nikavuta ncha ya kanga.

"Mle ndani tulikuwa wawili tuliotumwa. Wewe ukahesabu mmoja. Neno hulijui, lakini mkono wako ulijua pa kuelekea." Akavuta sahani. "Hilo ndilo lililonitoa mle ndani. Si neno."

Nikatazama miguu yangu. Yeye akaonja samaki.

"Chumvi imezidi," akasema. Akala kidogo, si wote. Kisha akasema kitu cha mwisho, kwa upole kabisa. "Na lile jina la somo uliache. Somo ni watu waliopeana jina kwa kupendana. Mimi hili nilipewa na nyumba yenu. Niite Mwanaidi kama watu wanavyoniita, nami nitakuita Mwanaidi."

Mstari wa chini

Kontena lilikuwa linafungwa, na bila kauli ya somo (nitaandika hivyo, mkono haujazoea) mikoba ya mkwewe wa Kariakoo haiwezi kupakiwa. Alikuwa na haki ya kuiondoa akatafute kontena la wengine. Mama Rehema aliogopa hivyo, maana tungebaki na pengo la kulipia. Mimi niliogopa kingine. Niliogopa arudi Dar na watu wengine, na mimi nishuke uwanjani bila yeye.

Akaja kwenye kikao. Akakaa kwenye kitanda changu, mimi nikakaa kwenye godoro. Dirisha wazi, kelele zote zinaingia.

Nikamwambia Hidaya, "Lete ile karatasi niichane."

"Usiichane," akasema Mwanaidi.

"Imeandikwa upuuzi wangu."

"Ndiyo. Iache ionekane." Akamgeukia Mwalimu. "Hebu waeleze ulivyonieleza Xintang."

Mwalimu akasema wale Wamarekani walipokuja kubadilisha, baada ya vita vya kuuana wenyewe kwa wenyewe, hawakuufuta ule mstari. Upo mpaka leo. Waliandika mingine chini, inayosema sasa sivyo tena. Mtu akisoma anasoma yote, la kwanza na la pili.

"Basi nasi tuandike chini," akasema Mwanaidi. "Hidaya, andika. Kila aliyemo humu ni mzima, aliyetumwa na aliyejituma."

Hidaya akaandika, na machozi yanamtoka, maana ule mstari wa juu nao ni mwandiko wake.

"La pili. Kila mtu atapika zamu yake."

"Mie nina presha," akasema Mama Rehema.

"Presha haijakuzuia kula," akasema Hidaya.

"Tupige kura mara mbili," akasema Mwanaidi, "kwa mizigo na kwa vichwa, kama mlivyojiwekea."

Kwa vichwa ilipita. Kwa mizigo ilitegemea Mama Rehema, na Mama Rehema akalitazama lile sufuria tupu, akatutazama, akasema, "Nitapika. Lakini mtakula kimya." Ikapita kote kuwili. Mikoba ya Kariakoo ikapakiwa, juu ya masufuria.

Kurudi

Dubai ndege ilikuwepo. Begi langu nililibeba mwenyewe, na magoti yalisema yaliyotaka kusema. Kipaza sauti kikaita Mwanaidi, tukatazamana. "Nenda wewe," akaniambia. "Mie langu ninalo."

Mmemwona ananisalimia, mkasema hamna kitu. Mmemwona haji kwangu, mkasema kuna kitu. Vyote kweli. Karatasi anayo yeye. Ukimwomba atakusomea, mstari wa juu na wa chini, na hataruka.

Zamu yangu haikwishia Guangzhou. Hakuna aliyeniambia iendelee, lakini Ijumaa iliyopita nilipika pilau, nikabeba sufuria mpaka kwake. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mwanaidi."

"Karibu."

Akafunua sufuria akanusa. Barazani kwake kuna kiti kimoja na mkeka mmoja, kama palivyokuwa siku zote. Akakaa kwenye kiti. Akanionyesha mkeka.

"Kaa, Mwanaidi."

Nikakaa.